Behewa na Lenzake

Stesheni

Watu wanaokuja kuiona treni mpya ya Dar es Salaam hupiga picha mbele ya pua yake. Mimi nilitembea hadi mwisho wa jukwaa, kisha nikarudi taratibu nikichungulia mapengo kati ya behewa na behewa. Mlinzi akanifuata.

"Shikamoo mzee. Umedondosha kitu?"

"Marahaba. Natafuta ndoano."

"Hii ya umeme haina ndoano, mzee. Ndoano ziko kule," akasema, akinyoosha mkono upande wa stesheni ya zamani.

Hakukosea sana. Treni iliyokuwa mbele yetu ni ile ambayo mji mzima unaiita mchongoko. Imetengenezwa Korea Kusini na Hyundai Rotem: mabehewa manane yanayosafiri kama kitu kimoja, mota zake zimegawanywa chini ya sakafu, na hakuna kichwa cha kukata wala kupachika. Katika treni za aina hii behewa hushikwa na lenzake kwa nondo nene ambayo haifunguliwi mpaka karakana. Ikiharibika njiani, kifuniko cha pua hufunguliwa na kiungio cha kuvutia hujitokeza. Siku za kawaida abiria hakioni.

Reli hii yenye upana wa milimita 1,435 ilianza kubeba abiria kwenda Morogoro Juni 14, 2024, ikafika Dodoma mwezi uliofuata. Mwanzoni walivutwa na kichwa cha umeme. Mchongoko ulikuja Novemba. Nimezipanda zote mbili, na tofauti niliisikia mgongoni zaidi ya nilivyoiona dirishani. Mchongoko ukiondoka huwezi kusema ni dakika gani umeondoka.

Sasa vuka upande wa pili.

Reli ya zamani

Hapa ni milimita 1,000, kipimo walichokiweka Wajerumani walipoanza kujenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Kigoma 1914. Juu ya reli hiyo hiyo, mwishoni mwa Oktoba 2012, ilianza treni ya mjini ambayo watu waliipa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo: treni ya Mwakyembe.

Treni ya kuvutwa ina desturi yake. Kichwa kikifika mwisho wa safari kimekwama: mbele hakuna njia, nyuma kuna mabehewa. Kwa hiyo hukatwa, kikapita njia ya pembeni, kikarudi kuungwa upande wa pili. Mtu anashuka, anafungua mipira ya breki, anafungua kiungio, anapunga mkono, na dakika zinakwenda. Katika safari ya kwenda Mwanza dakika hizo si kitu. Katika treni ya mjini ambayo mwisho wa njia ni Pugu au Ubungo, zinakula ratiba yote.

Halafu kuna ule mshtuko. Kichwa kinavuta, behewa la kwanza linashtuka, la pili linashtuka, na wewe uliye katika la tano unasikia mlio wa chuma ukikujia. Abiria wa karibu nami alishika ndoo yake ya samaki mapema kabisa, kabla hatujaguswa. Watu hulalamika kwamba ni uchakavu, na huenda upo, lakini ulegevu wa viungio unaoleta mshtuko huo uliwekwa makusudi. Zamani za mvuke, treni ndefu ya mizigo isingeondoka kama mabehewa yote yangetaka kuvutwa kwa pamoja. Ulegevu ulikipa kichwa nafasi ya kuanza na moja, kisha jingine. Walioumia ni abiria, kwa sababu walirithi kiungio kilichofikiriwa kwa ajili ya pamba na katani.

Reli nyingi nyembamba za enzi hizo, za Tanganyika zikiwemo, zilitumia kiungio cha bafa moja katikati, chenye ndoano inayoanguka juu ya pini ya mwenzake. Waingereza walikiita cha Kinorwe. Ni kifaa chepesi, kinapinda vizuri kwenye kona, lakini hakipendi uzito mkubwa.

Juu ya nguzo

Kutoka stesheni mpya reli ya umeme inapita juu ya mji kwa zaidi ya kilometa 2, ikiacha magari, bodaboda na wauza maji wapite chini. Nilisimama upande wa Kamata nikaitazama treni ikipita juu. Nilikuwa nimeshaona treni za juu ya barabara Chicago, na nikiri kwamba za kule zina kelele zinazoziba mazungumzo. Lakini kwa mtu wa viungio, Chicago ndiyo madrasa.

Kule reli ya juu iliingizwa katikati ya mitaa iliyokwishajengwa. Kwenye njia panda treni hukata kona ya pembe mraba yenye nusu kipenyo cha futi 90, yaani kama meta 27. Kiungio cha reli kuu hakiwezi hilo; kingefinyana au kuling'oa behewa relini. Kwa hiyo mafundi wa reli za mitaani na za juu walitengeneza viungio vyao: shina refu lenye egemeo mbali chini ya behewa, linaloyumba kushoto na kulia juu ya mhimili wake, na mdomo mwepesi. Majina kama Van Dorn na Tomlinson yalijulikana kwenye karakana zote za tramu.

Kisha akaja Frank Sprague. Mwaka 1897 na 1898, kwenye reli ya juu ya upande wa kusini wa Chicago, alionyesha kwamba kila behewa linaweza kuwa na mota zake na dereva mmoja akayaamrisha yote kwa waya. Tangu hapo kiungio hakikuwa tena cha kuvuta tu. Kilitakiwa kupitisha amri ya umeme na hewa ya breki pia. Mchongoko ni mjukuu wa jaribio lile.

Nguzo za Dar hazina kona kali kama zile, maana wajenzi walifuata ushoroba wa reli badala ya kupenya kati ya nyumba.

Gerezani, mabasi

Kituo cha mwendokasi cha Gerezani hakiko mbali kwa miguu. Basi refu la mita 18 linapinda kuingia, na mpira wake wa katikati unakunjwa upande mmoja na kutanuka upande wa pili. Watoto husimama hapo hapo kwenye sahani ya duara, kwa sababu ndipo sakafu inapochezacheza. Huduma hiyo ilianza Mei 2016, na vijana wengi hudhani mabasi ya kuunga yalikuja nayo.

Wazee wanakumbuka kumbakumba. Yalikuwa mabasi ya Ikarus kutoka Hungaria, yakiendeshwa na UDA, shirika lililozaliwa mwaka 1974. Ikarus za kuunga zilizojulikana sana duniani zilikuwa na injini chini ya sakafu ya kipande cha mbele. Kipande cha nyuma kilivutwa tu kama tela. Mabasi mengi ya sasa yana injini nyuma kabisa, kwa hiyo nyuma ndiyo inasukuma mbele. Jambo hilo linageuza kazi ya kiungio. Kikivutwa kinajinyoosha chenyewe. Kikisukumwa kinataka kujikunja, hasa barabara ikiwa na maji, na ndiyo maana ndani yake kuna vizuizi vya mafuta vinavyokaza pembe ikizidi.

DASICO

Nilikaa hapa muda mrefu kuliko popote. Mafundi wa ushirika huu wa Gerezani hugeuza chuma chakavu kuwa majiko, mabeseni, makarai na chochote anachokuja nacho mteja. Kelele za nyundo hazikatiki. Nilimkuta fundi mmoja, wa umri wa mwanangu wa mwisho, akitengeneza ndoano ya tela.

Nikamwuliza kama ametumia springi ya lori, kwa kuwa springi zilikuwa zimelundikana pembeni.

"Hapana, baba. Springi ni ngumu, lakini ukiichomelea inapasuka kandokando ya weldi. Leo huioni. Utaiona Chalinze." Ndoano yake ilikuwa ya sahani nene ya chuma cha kawaida, laini kidogo.

"Na pini?"

"Pini naifanya iwe dhaifu kuliko ndoano. Iliwe yenyewe kwanza. Pini unanunua hapo nje, ndoano mpaka urudi kwangu."

Niliandika maneno hayo kama yalivyo, kwa sababu ndiyo kanuni iliyomo kwenye viungio vizito vya reli za mizigo duniani kote, na sikuwahi kusikia mhandisi akiieleza kwa ufupi namna hiyo. Nitaifikia TAZARA.

Nje ya geti, Kariakoo inafanya kazi yake. Maguta yamejaa marobota, toyo zinapenya pasipopenyeka, na mkokoteni mmoja umefungwa nyuma ya mwingine kwa kamba ya katani, watu wawili mbele na mmoja nyuma wa kushika breki kwa visigino. Kamba inavuta ila haisukumi, hivyo kwenye mteremko yule wa nyuma ndiye bafa. Nilimwona akigeuza kiuno kukinga mzigo usimpande mwenzake, na hakuacha kubishana bei kwenye simu.

Kando: Unguja na Mombasa

Pwani hii imewahi kuwa na reli za mitaani. Mombasa, kuanzia miaka ya 1890, wakubwa walisukumwa na wapagazi kwenye vigari vidogo juu ya reli nyembamba. Kila kigari peke yake, hakuna cha kuunga. Unguja, kampuni ya Wamarekani ilijenga mwaka 1905 reli ya kwenda Bububu iliyopita kwenye mitaa myembamba kiasi kwamba moshi uliingia madukani. Huduma ya abiria iliachishwa mwaka 1922. Reli zote mbili zilinyang'anywa riziki na magari ya barabarani.

TAZARA

Kilometa kadhaa kutoka Kariakoo, kwenye Barabara ya Nyerere, ndiko kwenye jengo lile kubwa la Wachina, stesheni ya reli ya kwenda Zambia. Reli yake ni milimita 1,067, kwa sababu ilijengwa, kati ya 1970 na 1975, ikutane na reli za Zambia na kusini. Kilometa 1,860 za kwenda Kapiri Mposhi.

Viungio vyake unaviona bila kuomba ruhusa: ni kama viganja viwili vilivyokunjwa vidole vikashikana. Mtu aliyevibuni, Eli Janney wa Virginia, alipewa hataza mwaka 1873. Kabla yake mfanyakazi wa Marekani alisimama kati ya mabehewa yanayokaribiana, akiongoza kipingili cha chuma kwa mkono mmoja na pini kwa mwingine, na wengi waliacha vidole pale, au uhai. Sheria ya mwaka 1893 ndiyo iliyolazimisha viungio vya kujifunga. Kidole kimoja kikigongwa kinajikunja, kizuizi kinaanguka nyuma yake kwa uzito wake, na kazi imekwisha. Kufungua, unainua wenzo ulio pembeni mwa behewa.

Na kidole hicho hutengenezwa kiwe dhaifu kuliko mwili wa kiungio. Treni ikikurupushwa, kinachovunjika ni kidole, na wafanyakazi hukibadilisha papo hapo porini. Kijana wa DASICO angetabasamu.

Behewa la TAZARA, hata hivyo, haliwezi kukutana na la reli ya kati. Milimita 67 zinatosha. Tangu 1998 mizigo huhamishwa Kidatu, kutoka reli moja kwenda nyingine. Ukiongeza reli mpya, mji huu mmoja una vipimo vitatu, na kati ya stesheni zake abiria huungwa na bajaji. Wakenya wasitucheke: reli yao mpya ya 2017 ina upana sawa na yetu mpya, na bado hazigusani popote.

Hesabu ya jioni

Addis Ababa nilikuta tramu, zilizoanza 2015, zinazotembea katikati ya barabara kisha kupanda juu ya nguzo mjini. Magari yale huweza kuungwa mawili mawili. Chicago mabehewa hukaa kwa jozi, na saa za watu wengi jozi huongezwa, saa za uvivu hupunguzwa. Mchongoko wa mabehewa manane hubaki manane, wawe watu mia au umati wa kwenda Dodoma siku ya Bunge. Kwa safari ndefu sina ugomvi nao. Lakini nasikia watu wakitamani treni za mjini zipite juu ya nguzo zile, kila robo saa, Stesheni hadi Pugu. Kwa kazi hiyo ningenunua seti za mabehewa manne, zenye viungio vya kujifunga puani: alfajiri mbili kwa pamoja, saa nne asubuhi moja inabaki Pugu ikifagiliwa.

Gharama yake ninaijua. Viungio hivyo vina safu ya vidole vidogo vya kupitishia umeme, na Stesheni iko hatua chache tu kutoka bandarini, penye upepo wa chumvi. Safu ile lazima ifutwe na kukaguliwa kila mara, la sivyo seti ya nyuma haitasikia amri ya breki na treni itakataa kuondoka. Kabla ya kuuliza bei ya mabehewa, ningeuliza karakana gani itapewa kazi hiyo, na kama bajeti yake ya matambara na spea imekwisha andikwa.