Kufuli Hupimwa kwa Idhini

Mtu aendaye Kasubi, Kampala, kuyazuru makaburi ya wafalme wa Buganda, hupitia nyumba ya lango iitwayo Bujjabukula. Hata mwenye nia njema haruki ua. Desturi hiyo yafaa kukumbukwa na vijana wa mtaa huo wanaojifunza jinsi ya kuingia katika kompyuta za wengine.

Ujuzi wenyewe si mbaya. Mwezi Oktoba 2020 wezi waliingia katika mitambo ya Pegasus Technologies, kampuni iliyokuwa ikiunganisha mabenki na fedha za simu nchini Uganda, na huduma za kuhamisha fedha kutoka benki kwenda simu zikasimamishwa. Katika mkasa wa namna hiyo huumia hata mke wa askari aliye lindoni mbali, angojaye fedha za unga na karo. Afadhali ufa uonwe na mpimaji kabla ya mwizi.

Lakini mpimaji na mwizi hutumia zana zile zile. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011 huhesabu kuingia bila ruhusa kuwa kosa, hata kama haikuibwa senti moja. Kijana atakayesema kituoni kwamba alitaka kusaidia tu, hana kinga. Hapana budi apate ruhusa ya maandishi kutoka kwa mwenye mali, itajayo mitambo ipi ipimwe, siku zipi, na nani apigiwe simu jambo likiharibika. Mlango ukifunguka, asisome barua za watu wala kunakili majina yao. Ushahidi mdogo watosha. Habari ampe mwenyewe kwa siri, naye apewe muda wa kuziba. Kisha apime tena, jambo ambalo wengi hulipuuza. Kujitapa kabla ya hapo ni kuwaonyesha wezi njia.

Nyumbani nako upimaji wawezekana. Wazazi wakubaliane, na jamaa wote waambiwe kwamba mwezi huu patakuwa na jaribio. Siku moja kijana ampigie bibi kwa simu ngeni, ajifanye karani wa kampuni ya simu, aombe namba ya siri. Bibi akiitoa, asichekwe mbele ya majirani. Namba ibadilishwe jioni ile ile, na baada ya wiki mbili apigiwe tena.