Nauru: Kisiwa Kilichouza Udongo Wake



Mwezi huu, katika ukurasa wetu wa kujua inchi za dunia, tunakwenda mbali sana, mpaka katikati ya Bahari ya Pasifiki. Chukua ramani ya watoto wako wa masomo. Weka kidole juu ya Australia, kisha kipandishe upande wa kaskazini-mashariki, mpaka karibu kabisa na mstari wa ikweta. Pengine hautaona kitu. Ramani nyingi zinaweka hapo nukta tu, na jina ni refu kuliko inchi yenyewe. Nukta ile ndiyo Nauru.

Utaniuliza: "Pasta, sisi watu wa Kolwezi, wa Likasi, wa Kambove, tuko na kazi gani na nukta katika bahari?" Ngoja kidogo. Watu wa kisiwa kile ni ndugu zetu kwa jambo moja: nao wanatoka katika inchi ya mine. Wao wamefika mbele yetu katika njia hii, na wamekwisha kuona mahali inapofikia.

INCHI YENYEWE

Nauru ina kilomita za mraba 21 tu. Mji wa Lubumbashi peke yake unaipita mara zaidi ya 30. Barabara inayozunguka inchi nzima ni karibu kilomita 19. Kwa urefu ule, wewe unayetoka Lubumbashi kwenda Kipushi haujafika bado. Watu wake ni karibu 12 000. Jirani wao wa karibu, kisiwa cha Banaba, yuko mbali kilomita 300 hivi, na katikati ni maji matupu.

Hakuna mto hata mmoja. Watu wanakunywa maji ya mvua yanayokusanywa kwenye mabati, na maji ya bahari yaliyoondolewa chumvi kwa mashini. Mvua ikikawia, ni shida. Pembeni ya bahari kuna kipande chembamba cha mchanga na minazi, na karibu watu wote wamejenga pale. Ukiondoka pale unapanda uwanda wa juu, unaochukua sehemu kubwa ya kisiwa. Ndani, panapoitwa Buada, kuna ziwa dogo ambamo wazee wa zamani walifuga samaki.

Uwanda ule wa juu ndio uliokuwa mali. Kati ya mawe ya matumbawe kulijaa udongo wa fosfati, na wengi husema ulitokana na mavi ya ndege wa bahari kwa maelfu na maelfu ya miaka. Fosfati ni chakula cha mashamba. Viwanda vinaigeuza kuwa mbolea, na shamba lililochoka linazaa tena.

JIWE LA KUZUIA MLANGO

Wajeremani walikitwaa kisiwa mwaka 1888, lakini hawakujua wanakalia nini. Katika ofisi moja ya kampuni mjini Sydney, huko Australia, kulikuwa na jiwe kutoka Nauru. Kazi yake ilikuwa kuzuia mlango usijifunge. Mfanyakazi mmoja, Albert Ellis, alilitazama akapata mashaka. Akalipima, akaona ni fosfati nzuri sana. Mwaka 1900 alifika kisiwani mwenyewe kuhakikisha. Miaka michache tu baadaye uchimbaji ulianza.

Wenyewe wa udongo walipata nini? Mwanzoni, nusu peni kwa tani. Wafanyakazi waliletwa kutoka China na visiwa vingine, kama vile wazee wetu wengi walivyoletwa Katanga kutoka Kasai, Rwanda na Rodezia ya Kaskazini. Vita vya 1914 vilipoanza Australia ikachukua kisiwa, na baada ya vita Uingereza, Australia na New Zealand zikaungana kuchimba pamoja. Mashamba ya Australia na New Zealand yalinona kwa udongo wa Nauru, kwa bei ya chini.

Neno la Mungu nalo lilifika. Mwaka 1899 mmisionari Philip Delaporte alikuja na mke wake, akajifunza lugha, akaanza kutafsiri. Mwaka 1918 watu wale, waliokuwa hawafiki hata 2 000, walikuwa na Biblia nzima katika lugha yao. Hata leo kanisa kubwa la kisiwa ni la Kiprotestanti.

Kisha mateso yakaja. Mwaka 1942 Wajapani waliteka kisiwa. Mwaka 1943 walichukua watu 1 200 wakawapeleka kwa nguvu katika visiwa vya Chuuk, vilivyoitwa Truk wakati ule. Njaa, kazi ngumu na magonjwa viliwamaliza. Waliorudi walikuwa 737, na walifika nyumbani tarehe 31 Januari 1946. Wanauru hawakusahau tarehe ile. Walipopata uhuru miaka 22 baadaye, waliuchukua siku ileile: 31 Januari 1968.

Kabla ya hapo, katika mwaka 1964, Australia iliwaambia: udongo wenu utakwisha, hameni, tutawapa kisiwa cha Curtis kwetu. Walikataa. Kule wangekaa kama raia wa Australia, si kama taifa. Walipenda jina lao kuliko shamba la wengine.

NAMNA WANAVYOTAWALIWA

Inchi hii haina mji mkuu kwa sheria. Ofisi za Leta ziko katika wilaya ya Yaren. Haina jeshi, na Australia ndiyo inayojibu juu ya ulinzi wake. Feza wanayotumia ni dola ya Australia. Wilaya ni 14. Wananchi wanachagua wabunge 19 kwa muda wa miaka 3, na wabunge wenyewe wanamchagua Rais kati yao. Wa kwanza alikuwa Hammer DeRoburt. Vyama vya siasa havina nguvu. Ukoo na jamaa ndivyo vinavyosemwa sana. Kwa hiyo Bunge linaweza kumwangusha Rais upesi, na katika miaka ile ya shida marais walipokezana kiti kama watu wanaongoja zamu kwenye bomba la maji.

MIAKA YA NG'OMBE WANENE

Mwaka 1970 Wanauru walinunua mine yao kwa dola milioni 21 za Australia. Sasa faida ilikuwa yao. Katika miaka ya 1970, kwa kuhesabu mapato kwa kila mtu, walikuwa kati ya matajiri wa kwanza wa dunia. Kodi ya mshahara haikuwako. Munganga bure, masomo bure. Leta ilikuwa na ndeke zake na meli zake. Huko Melbourne, mwaka 1977, ilifungua jumba la gorofa 52. Ndiyo, ndugu: kisiwa ambacho hakijai hata kona ya mji wetu!

Usiwacheke upesi. Hawakusahau kesho. Waliweka mfuko wa akiba kwa ajili ya watoto, na majumba yale yalikuwa ya kuwalisha wakati fosfati itakapokwisha. Wazo lilikuwa zuri, lakini lililiwa na mambo matatu. La kwanza, mfuko ulikuwa mikononi mwa watu wachache, na wananchi hawakuonyeshwa hesabu wazi. La pili, washauri kutoka nje walileta biashara za ajabu; mwaka 1993 feza ya Nauru ilitengeneza hata mchezo wa kuimba katika teatro moja ya London, nao ukaanguka. La tatu, mapato yalipopungua, Leta haikupunguza matumizi. Ilikopa, na majumba yakawa rehani.

MIAKA YA NG'OMBE WAKONDEFU

Mwaka 2004 jumba la Melbourne liliuzwa kwa sababu ya madeni. Mwishoni mwa 2005 ndeke ya mwisho ilichukuliwa na wenye kudai. Benki ilikuwa imeshindwa kuwapa watu feza yao wenyewe.

Na kisiwa? Panda uwanda wa juu kwa mawazo. Karibu sehemu 4 kati ya 5 za inchi zimechimbwa. Ulipotolewa udongo, mawe ya matumbawe yalibaki yamesimama, meupe na ya kijivu, mengine marefu kuliko nyumba, kama meno katika kinywa kisicho na nyama. Huwezi kulima pale. Ni vigumu hata kutembea. Mwaka 1989 Nauru iliipeleka Australia mbele ya Mahakama ya Kimataifa juu ya uharibifu wa zamani, na mwaka 1993 Australia ilikubali kulipa dola zake milioni 107. Lakini feza hairudishi udongo.

Tumbo nalo liliumia. Kwa miaka mingi watu walizoea wali, nyama ya kopo na vinywaji vya sukari kutoka melini. Leo Nauru ni kati ya inchi zenye ugonjwa mwingi wa sukari duniani.

Ili kuishi, Leta ilitafuta njia nyingine. Kuanzia 2001 Australia iliwalipa ili wakae kule wakimbizi waliotaka kuingia kwake kwa mashua. Kambi ilifungwa 2008, ikafunguliwa tena 2012. Meli za wageni zinalipa ili kuvua samaki jodari. Mwaka 2015 walianza mfuko mpya wa akiba, na safari hii wale wanaochangia kutoka nje wanakaa katika usimamizi wake. Mwaka 2025 walianza kuuza uraia kwa wageni, ili wapate feza ya kuhamisha watu kutoka pembeni ya bahari. Maana bahari inapanda, na mahali pa kukimbilia ni uwanda ule ule wa juu, walioubomoa.

Hapo, msomaji, ndipo moyo wangu unaposimama. Udongo waliouuza ungekuwa leo kimbilio la watoto wao.

KOBALTI YA CHINI YA BAHARI

Kuna jambo lingine linalotugusa sisi moja kwa moja. Mbali sana na Nauru, kati ya Hawaii na Mexico, chini kabisa ya bahari kumelala mawe ya duara kama viazi. Ndani yake mna manganezi, nikeli, shaba, na kobalti. Nauru imesimama nyuma ya kampuni moja inayotaka kuyachota, na mwaka 2021 iliomba kanuni za kimataifa zimalizike kwa miaka 2. Muda ule ulipita kanuni hazijaisha, na mabishano ni makali.

Umesikia? Inchi yetu inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia. Vijana wanaambiana: "Minerai ya huku haina mwisho, dunia itakuja kwetu tu." Kumbe dunia inatafuta mlango mwingine usiku na mchana, na wengine wanatengeneza betri zisizo na kobalti hata kidogo. Minerai inaweza kukuacha kwa namna mbili: inakwisha, ao watu wanaacha kuitaka.

Tena kuna namna ya tatu, na sisi tunaijua. Mwaka 1986 Katanga ilitoa zaidi ya tani 470 000 za shaba. Mwaka 1994 haikufika tani 50 000. Na shaba ilikuwa bado imejaa chini ya udongo!

SISI JE?

Mimi nilikua katika kambi ya wafanyakazi. Posho ya unga ilifika, mshahara ulifika, munganga alikuwako. Mama alipotaka kulima kipande nyuma ya reli, majirani walimcheka: "Mke wa mfanyakazi anashika jembe?" Baba naye aliona haya. Kisha mshahara ulianza kukawia, mwezi, miezi mitatu, mwishoni tukaacha kuhesabu. Kipande kile cha muhindi na sombe ndicho kilichotulisha. Baba alikwenda mwenyewe siku moja asubuhi, akachukua jembe la pili. Hakusema neno, na mama hakumwuliza.

Kitabu cha Ayubu, sura ya 28, kinasifu ujuzi wa mtu anayetoboa mlima na kuleta nje vitu vilivyofichwa. Kazi ya mine si zambi. Lakini sura ile inaendelea kuuliza hekima inapatikana wapi, na jibu lake haliko ndani ya shimo.

Mkulima akiuza muhindi, anaweza kupanda tena. Mchimbaji akiuza minerai, ameuza kipande cha inchi, na kipande kile hakioti. Kwa hiyo feza ya mine haifai kuliwa yote kama mavuno. Sehemu yake ni ya watoto tangu siku inapoingia mkononi. Yosefu aliweka akiba katika miaka ya shibe, na zaidi ya hapo, alizisimamia ghala vizuri. Wanauru walikuwa na ghala. Hesabu ndiyo iliyopotea. Basi tuwaulize wakubwa wetu, bila matusi na bila woga: ghala iko wapi, na nani anashika funguo? Na jioni tukifika nyumbani, tujiulize sisi wenyewe neno lile lile.

Mungu abariki kazi ya mikono yenu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Kama mine ingefungwa mwezi ujao, nyumba yetu ingekula nini kwa miezi 3?
2. Je, mke na mume wote wawili wanajua hesabu ya feza ya nyumba?
3. Mtoto wetu anajifunza kazi gani ambayo haitegemei minerai?
4. Soma Mwanzo 41. Yosefu alifanya nini ambacho viongozi wa Nauru hawakukifanya?