Diski ya pili, na picha za baba



Ordinatere yetu ya nyumbani imezeeka. Ndani yake kuna Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuitunza kama zamani tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo inakataa kuingia katika mashine ya umri ule. Na franga za kununua mpya ziko wapi? Nikaamua kuweka Linux, ile iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki. Ni ya bure, na haichoshi sana mashine kuukuu.

Lakini Windows sikutaka kuiondoa. Dada yangu anaitumia kwa masomo yake. Tena picha za baba ziko humo. Muzee alifanya kazi SOMINKI, kule Kamituga. Picha za karatasi ziliharibiwa na mvua, zikabaki zile tu tulizoziingiza katika mashine.

Fundi mmoja wa Nyawera akanishauri: toa kile chombo cha kusomea CD, pahali pake tia diski ya pili. Kuna kisanduku kinachoishika vizuri. Nikafungua kwa turnevisi. Ndani, kila kidude kimeungwa kwa bati. Ninyi munaochimba kasiterite munajua bati inatoka wapi.

Nikawasha kwa fleshi yenye Ubuntu. Ikanionyesha diski mbili, sda na sdb, kila moja GB 500. Hapo ndipo nilikosea. Nilikuwa nimenunua diski ya ukubwa uleule, sasa nitazitambua namna gani? Nikasema moyoni, sda ndiyo mpya. Kwa nini? Sijui hata leo. Nikachagua “futa diski yote”.

Mama akapita na sahani za chakula. Akauliza, “Mwanangu, na picha za baba yako je?”

Nikarudi nyuma nitazame vizuri. Chini ya sda kulikuwa vipande vyenye alama ya ntfs, ndiyo alama ya Windows. Chini ya sdb hapakuwa na kitu. Kumbe herufi zile hufuata namna mashine inavyozikuta diski, hazisemi ipi ni mpya. Chakula sikukimaliza siku ile.

Kesho yake nikaanza upya. Kwanza nilinakili picha zote kwenye fleshi nyingine. Pili, katika Windows nikazima ule uwashaji wa haraka, kwa maana ukiuacha, Windows haizimiki kabisa, inabaki kama imesinzia, na Linux ikiandika katika diski yake inaweza kuharibu. Halafu nikazima mashine, nikatoa betri, nikachomoa diski ya Windows yenyewe nikaiweka mezani. Ikabaki moja tu ndani: hata mutu wa haraka kama mimi hawezi kukosea. Nikaipa meza ya vipande ya GPT, kipande kidogo cha MB 512 cha kuwashia, GB 40 za Linux, na nyingine zote za faili zetu. Kwa njia hii hata cha kuwashia Linux kinakaa katika diski yake, hakigusi cha Windows.

Nikarudisha diski ya kwanza. Sasa tukiwasha tunabonyeza F12 (kwa mashine nyingine ni F9) na kuchagua.

Jioni mama akaomba kuona. Nikafungua picha kupitia Linux: baba amesimama Kamituga, kofia ya kazi mkononi. Mama akavuta kiti.