Uhai wa Mbegu za Miti

Wahenga walisema, "Ukiona vyaelea, vimeundwa." Na mbao za chombo kile kielelacho zilikuwa mti, nao mti ulikuwa mbegu. Mbegu ya mvule, ambao mbao zake husifiwa na maseremala wa Afrika Mashariki, ni ndogo kuliko punje ya mtama. Watu wengi huidhania mbegu kuwa kitu kikavu tu, kama changarawe, kiwezacho kungoja mpaka mwenyewe apate nafasi. Sivyo. Mbegu iko hai. Ndani yake umo mche mdogo uliolala pamoja na akiba yake ya chakula, nao hupumua polepole sana. Kwa hiyo mbegu yaweza kuchoka, tena yaweza kufa. Na ikifa haibadiliki sura. Mkulima huitia udongoni, huinywesha maji, hungoja, na mvua za mwaka ule huweza kwisha kabla hajatambua kwamba hakupanda, bali alizika.

Kazi huanza kwa kuchagua mti mama. Mtu aliyetumwa kuleta mbegu aghalabu huenda kwenye mti ulio karibu na njia, wenye matawi ya chini, kwa kuwa ni rahisi kuukwea. Mti wa namna hiyo mara nyingi umepinda, na watoto wake huweza kuurithi upindaji ule. Tena katika misitu mingi wapasua mbao wamekwisha kuikata mininga iliyonyoka, wakaiacha iliyopinda kwa kuwa haikuwafaa. Hivyo miti mibaya ndiyo iliyobaki kuzaa. Mchumaji mwenye akili hutafuta mti mnyofu wenye afya, wala hachumi katika mti mmoja tu. Wataalamu hushauri kuchuma katika miti ipatayo 25 au zaidi, kila mmoja ukiwa mbali na mwenziwe kama hatua 100, ili miche yote isiwe ya tumbo moja. Hasara ya mbegu iliyokufa huonekana mwaka ule ule. Hasara ya mbegu ya mti mbaya huonekana baada ya miaka 30, wakati mchumaji amekwisha kuzeeka na shamba zima limesimama limepinda.

Baada ya kuujua mti, yafaa kuijua siku yake. Tunda la mkangazi ni gumu kama ubao, nalo likikauka hupasuka juu mtini, na mbegu zake zenye mabawa huchukuliwa na upepo. Achelewaye huokota maganda matupu. Awahiye mno huangua mbegu changa zisizo na nguvu. Hapana budi kungoja mpaka tunda ligeuke rangi ya kahawia, na kulichuma kabla halijafunguka. Mvule una habari nyingine. Kuna mvule dume na mvule jike, na jike ndio uzaao. Matunda yake ni laini, na popo huyapenda sana. Basi mchumaji huenda chini ya mti alfajiri kuokota yaliyoanguka usiku. Kisha huyaponda na kuyaosha katika maji, hata mbegu zitengane na nyama ya tunda.

Hapo ndipo wengi hukosea, maana hutaka kuzitendea mbegu zote jambo moja. Mbegu hazina tabia moja, kama vile watoto wa nyumba moja wasivyokuwa na tabia moja. Mbegu ya mkongo, ambao watu wengine wa pwani huuita mbambakofi, ni nyeusi na ngumu, yenye kikombe chekundu upande mmoja. Kikombe kile kikiondolewa, na mbegu ikakaushwa vema, huweza kuwekwa miaka kadhaa na bado ikaota. Lakini mbegu ya mwarobaini haina subira hiyo. Yapasa nyama ya tunda lake ioshwe mapema isije ikachacha, kisha mbegu zianikwe uvulini, zitiwe katika mfuko upitishao hewa, na kupandwa katika majuma machache. Mtu akizifungia mbichi ndani ya chupa, akidhani anazihifadhi, siku atakapoifungua atakuta ukungu.

Mbegu ngumu nazo zina taabu yake. Gamba la mbegu za migunga mingi halipitishi maji. Porini wanyama kama mbuzi, swala na tembo hula maganda yake, na mbegu zipitazo matumboni mwao hulegea gamba. Bustanini mtu hufanya kazi ya tumbo la mnyama: huchemsha maji, huyaepua, huzitia mbegu ndani yake, na kuziacha zipoe humo mpaka kesho yake. Hazichemshwi juu ya moto, kwa maana huko ni kuzipika.

Mbegu zikubalizo kuwekwa zina maadui watatu: unyevu, joto na wadudu. Kadiri zinavyokaushwa na kupozwa, kupumua kwake hupungua, na uhai wake hurefuka. Wazee waliochanganya mbegu na majivu makavu walikuwa na busara, maana majivu huzuia fukusi. Huko Wakehurst, Uingereza, ghala kubwa ya mbegu za mwitu ilifunguliwa mwaka 2000. Mbegu zake hukaushwa, kisha huwekwa katika baridi ya digrii 20 chini ya sifuri. Na mwaka 2005 iliota kokwa ya mtende iliyofukuliwa katika magofu ya Masada, karibu na Bahari ya Chumvi, nayo ilikuwa na umri wa miaka ipatayo 2,000. Ukavu wa nchi ile uliilinda.

Hata hivyo mbegu isiaminiwe kwa macho. Kabla ya mvua, mwenye bustani huhesabu mbegu 100, huzipanda katika mchanga wenye unyevu, na kuzihesabu zilizoota. Zikiota 80, moyo wake hutulia. Zikiota 10, bado ana nafasi ya kutafuta nyingine. Na juu ya kila mfuko huandika jina la mti, mahali alipochuma, na tarehe.

Kazi hizi si nzito. Mtoto wa shule aweza kuzifanya zote. Ila zataka uaminifu. Aokotaye mbegu za mvule leo huwaokotea wajukuu, nao hawatakuwa na njia ya kumwuliza alizichuma wapi, wala alizitunzaje. Mti wenyewe ndio utakaowajibu.