Nilijibu mtihani wa kitabu nisichokisoma

Jamani, leo nataka kuungama.

Mnajua nasoma shahada ya fasihi kwa masafa huku mchana nikikimbizana na habari. Kila mtu huniuliza, muda wa kusoma unautoa wapi? Kwa miaka miwili ukweli ulikuwa huu: sikuwa nasoma, nilikuwa napitia. Riwaya ikinishinda nanunua mwongozo, nakariri dhamira na wahusika, mchezo umekwisha.

Basi mtihani mmoja ukaja na swali la Nagona, riwaya ya Euphrase Kezilahabi ya mwaka 1990. Nilikuwa nimeiweka kiporo kwa sababu ni nyembamba. Nikajiambia, kijitabu kama kile si ni kazi ya jioni moja tu? Jioni yenyewe haikufika. Nikajaza kurasa nne za maneno ya watu wengine, nikapata sapu. Hakuna aliyenionea.

Alama haikuniuma sana. Kilichoniuma ni kwamba kazini, mtu akiandika habari ya mafuriko ya Jangwani bila kukanyaga Jangwani, mimi ndiye wa kwanza kumcheka. Sasa mimi nilikuwa nimefanya nini?

Tangu siku ile nimebadili hesabu. Zamani nilikuwa nagawa kurasa kwa idadi ya siku zilizobaki. Kumbe vitabu havilingani uzito! Kuli ya Adam Shafi (1979) ni kinene kuliko Nagona, lakini kinakwenda chenyewe. Nikipata siti kwenye daladala asubuhi, foleni ikikaza, namaliza sura nzima kabla ya kufika mjini. Nagona haitaki daladala. Haina hadithi iliyonyooka kama Rosa Mistika (1971) ya mwandishi huyohuyo. Ukiruka aya moja umepotea. Hiyo naiamkia saa kumi na moja alfajiri, Mbagala ikiwa bado kimya, kalamu mkononi, kurasa tano. Tano tu! Nikizidisha najidanganya.

Mwongozo sijautupa. Siku hizi nausoma mwisho, nione kama tunakubaliana. Juzi hatukukubaliana kuhusu mhusika mmoja, nikafurahi kama mtoto. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuwa na maoni yangu mwenyewe.

Tangu Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kianze kufundisha mwaka 1994, watu wa ajira wamepata njia ya kusoma bila kuacha kazi. Ni neema kubwa kwa watu wa aina yangu. Ila nimejifunza kwa gharama kwamba masafa ni kati yangu na mwalimu. Kati yangu na kitabu hayatakiwi kuwepo.

Sapu naifanya mwezi ujao, mniombee. Na nyie mnaosoma huku mnafanya kazi, kitabu kizito mnakipa saa ngapi ya siku? Semeni, tusaidiane.