Mwembe Bila Shoka

Niliandika shairi kuhusu mwembe wa nyanya, kule Kilifi. Nikalijaza picha: kivuli kilikuwa kanga ya nyanya, mizizi ilikuwa vidole vya wazee waliotutangulia, na embe ziliangukia bati usiku kama mgeni anayebisha hodi. Kusema kweli, nililipenda.

Nikamsomea dadangu kwa simu. Akanyamaza, kisha akauliza, "Na shoka la ami liko wapi?"

Shoka nilikuwa nimeliacha nje. Nyanya alipofariki, ami alisema shamba ni lake. Baba akasema shamba sawa, lakini mwembe mama aliupanda kwa ajili yetu sote. Kwetu Pwani hilo si ajabu: ardhi yaweza kuwa ya huyu na miti ikawa ya yule. Walivutana msimu mzima wa embe. Asubuhi moja tukakuta kisiki. Tangu hapo hawajasalimiana.

Usiku huo nilifungua tena *Sauti ya Dhiki*, mashairi ambayo Abdilatif Abdalla aliyaandika gerezani, yakachapishwa 1973. Mle mna "Mnazi: Vuta N'kuvute", ambamo ndugu wawili, Alii na Badi, wanagombania mnazi. Nilipokuwa mwanafunzi nilijua jibu la mtihani: mnazi ni nchi. Nikaandika hivyo, nikapata alama zangu, basi. Sikuwahi kufikiri kwamba kabla mnazi haujawa nchi, ni mti tu, na wale ni ndugu tu.

Nikarudi kwenye shairi langu. Vidole vya wazee nikavifuta. Nilivitia kwa sababu vinapendeza tu. Kanga nikaiacha, kwani ilikuwapo kweli: nyanya aliitandika pale chini, tukala embe mbichi kwa chumvi na pilipili. Nikatia kisiki. Jina la Badi nikalitaja mara moja tu. Anayelijua atasikia ugomvi wa zamani ndani yake. Asiyelijua bado ataona ndugu wawili wakipishana njiani kimya.

Juzi nilimsomea baba. Hakusema shairi ni zuri wala baya. Alikunywa chai yake hadi ikaisha, ndipo akauliza, "Hivi ami yako anatumia namba gani siku hizi?"