Si Meno, Ni Maji



Mwanangu wa pili alipokuwa hajatimiza mwaka, alikuwa akiharisha mara kwa mara. Mavyaa wangu alisema ni meno, nami nikaafiki, kwani kila mama mtaani kwetu Kisauni alisema hivyo. Tulimpa maji ya chumvi na sukari, tukamsomea dua, akapata nafuu, kisha akaanza tena. Sikujiuliza hata siku moja kwa nini meno ya watoto wetu yalikuja na maradhi, na ya watoto wa nyumba zenye mfereji hayakuja nayo.

Aliyeuliza ni jirani yetu, mwalimu wa chuoni. Baada ya darsa alichukua daftari akapita nyumba hadi nyumba: ni mtoto gani kaugua, lini, na maji ya kunywa huyateka wapi. Siku ya nne tukakusanyika uani kwake, akatusomea. Takriban watoto wote waliougua walikunywa maji ya kisima kimoja, chenye choo cha shimo hatua chache tu kando yake.

Tulinyamaza. Kisima kile kilikuwa sadaka ya marehemu, na mwanawe ni jirani mwema. Baadhi yetu walisema tusimfedheheshe. Mwalimu hakumtangaza, alimwendea faraghani na daftari lake. Yule bwana alilisoma hadi mwisho, kisha akaenda mwenyewe kumwita afisa wa afya. Maji yakapimwa, na kisima kikabaki cha kufulia tu. Ndipo nilipoona haya: miezi yote ile nilikuwa nikimnywesha mwanangu maradhi kwa mkono wangu.

Hapa hapa Mombasa tunao mfano mkubwa zaidi. Wakaazi wa Owino Uhuru waliishi ubavuni mwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari. Phyllis Omido, aliyepata kufanya kazi humo, aligundua kuwa mwanawe ana sumu ya risasi mwilini. Hakutosheka na kumtibu wake. Aliwapeleka na watoto wengine wa mtaa wakapimwe damu, nao wakakutwa nayo. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakaazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na baada ya rufaa, Mahakama ya Juu ikairejesha amri hiyo Desemba 2024.

Dada zangu, kadari tunaiamini. Lakini maradhi haya huwaandama zaidi wasio na mfereji na waliopanga kando ya moshi, na kusema "ni majaaliwa" kabla ya kuuliza ni kuitwika kadari uzembe wetu. Sura ya Al-Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha kuhakikisha habari kabla ya kutenda. Malalamiko ya mama mmoja husikika kama manung'uniko. Ya nyumba arubaini, yakiandikwa kwa tarehe, huwa ushahidi.

Basi tuulize, lakini kwa adabu: tuombe idhini, tusitoe siri ya nyumba ya mtu, na tuliloligundua tuwarudishie wenyewe kwanza. Habari za jirani ni amana.

Wabillahi tawfiq.